Tuhamie jiji la bandari, au tubaki bara?

SWALI

Kaka mshauri, salamu.

Nina miaka 36. Ni karani wa uondoshaji mizigo katika kampuni ya uwakala wa forodha, na miaka yote nimefanyia kazi bara, kwenye bandari kavu, yaani yadi ya kuondoshea mizigo iliyo mbali na bahari. Sasa kampuni nyingine imenipa nafasi ya kusimamia mizigo inayoingia, kwenye ofisi yake ya jiji la bandari. Mshahara wa msingi ni ule ule ninaopata sasa, ila wanasema nitapata kamisheni kwa kila hati ya forodha itakayopita mikononi mwetu, na kwamba bandari hiyo inakua kila mwaka.

Mume wangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Amejiajiri, wateja wake wote wako huku, na anaogopa kwenda kuanza upya. Tuna watoto wawili, wa miaka 8 na 4, na mkubwa ana pumu. Nyumba tunayoishi ni yetu. Mume anasema kama ni kuhama basi tuiuze tununue kiwanja karibu na bahari. Mimi roho inasita.

Waliowahi kuishi kule wanatuchanganya. Mmoja anasema hela iko bandarini, mwingine anasema chumvi inakula kila kitu, maji yanaingia ndani, na malori hayalali. Nimepewa wiki tatu za kujibu. Tupimeje?

Mama wa Wawili

JIBU

Dada, nianze na shemeji, maana barua yako imemweka kama mtu wa kubebwa kwenye safari hii, ilhali kati yenu wawili mwenye soko kubwa zaidi bandarini huenda ni yeye.

Nyama, samaki, matunda na dawa husafiri kwenye makontena ya ubaridi. Kila moja lina mashine yake ya kupoza, upande ulio kinyume na milango, inayotumia umeme wa fezi tatu. Kabla halijapewa mzigo mpya hukaguliwa kompresa, feni, vihisi joto, mfumo wa kuyeyusha barafu, raba za milango na matundu ya kutolea maji. Likishachomekwa uwanjani, lazima awepo mtu wa kupita kusoma joto lake mchana na usiku, kwa sababu likizimika saa kadhaa juani mzigo mzima unageuka kuwa dai la bima. Fundi anayejua gesi na kompresa ameshavuka nusu ya njia. Kinachobaki ni kuzoea fezi tatu ya volti 400 hadi 460, na kusoma misimbo ya hitilafu kwenye kidhibiti cha kielektroniki. Mashine zenyewe ni za watengenezaji wachache. Carrier, Thermo King, Daikin na Star Cool ndio atakaowakuta mara nyingi, hivyo akizijua vizuri mbili tu hatakosa pa kushika. Asiende kubisha hodi kwenye mamlaka ya bandari. Ajira hizi ziko zaidi kwenye yadi za makontena matupu na kwa makandarasi wa matengenezo.

Hata nje ya yadi kazi ipo. Kiyoyozi kina mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yaliyogusana. Chumvi ikilowa katikati yake, metali hizo mbili huwa betri ndogo na alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana pwani mashine za nje hufa mapema. Hasara ya wenye nyumba ni riziki ya shemeji.

Tuje kwako. Hiyo kauli ya "bandari inakua kila mwaka" iulize swali moja: inakua mizigo gani? Takwimu za bandari hutolewa kwa TEU, yaani kwa kipimo cha kontena la futi 20. Humo ndani wamejumlishwa makontena yanayoingia nchini na yale yanayoshushwa kutoka meli moja na kupandishwa nyingine. Haya ya kuhamishwa huhesabiwa yakishuka na huhesabiwa tena yakipanda, lakini hayapiti geti wala hayaleti hati mezani kwako. Bandari inaweza kukua kwa kasi na meza ya karani isione hata karatasi moja ya nyongeza. Tena mizigo ya namna hiyo haina mizizi. Mwaka 2000 kampuni ya meli ya Maersk ilihamisha shughuli zake za kuhamishia makontena kutoka Singapore kwenda Tanjung Pelepas, ng'ambo tu ya mpaka wa Malaysia, na mwaka 2002 Evergreen, kampuni nyingine ya meli, ikafuata. Uamuzi wa ofisi mbili, na gati zikabadilisha wenyeji.

Kwa hiyo mwombe mwajiri namba mbili: makontena ya kuagizwa yaliyotoka getini mwaka jana, na hati ambazo ofisi yake yenyewe ilipitisha kwa wastani wa mwezi. Ya pili anayo kwenye mfumo wake. Akisema hana, hiyo nayo ni taarifa. Kisha uliza ni sehemu gani ya mizigo inayopakiwa kwenye treni moja kwa moja kwenda bandari kavu. Hapa pana jambo ambalo watu wa fani yako hulisahau: reli inapoimarika, kuna kazi za uondoshaji zinazohama kutoka gatini kwenda bara. Inawezekana ukahamia bandarini katika miaka ambayo mzigo unakwenda kule ulikotoka wewe.

Mkataba nao una mitego mitatu.

Wa kwanza ni kamisheni. Meli haziji kwa mpangilio wa mishahara. Wiki moja zinashuka tatu pamoja, wiki mbili zinazofuata ukimya. Machi 26, 2024 meli ya Dali iligonga na kuangusha daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, Marekani, mlango wa bandari ukazibwa, na njia kuu ya meli haikurudi kamili hadi Juni. Mwenye mshahara wa msingi unaotosha alivumilia. Aliyeishi kwa kamisheni alihangaika. Pigeni bajeti ya kodi, ada na chakula kwa mshahara wa msingi pekee. Kama hautoshi, nafasi hii haijafika bei, omba uongezwe.

Wa pili ndio unaouma: tozo ya ucheleweshaji. Unajua mwenyewe kwamba kontena lina siku za bure, na zikiisha hulipiwa kila siku linapokaa bandarini, kisha kuna tozo nyingine likichelewa kurudishwa tupu. Bandarini mzunguko ni mkali kuliko bara: foleni ya ukaguzi, mfumo kugoma, lori kukosa zamu ya geti. Kuna kampuni ambazo zikipata tozo hizo huzikata kwa karani aliyeshika faili. Taka kifungu kinachosema wazi kwamba tozo hazikatwi kwenye mshahara wala kamisheni, isipokuwa pale uzembe wako umethibitishwa kwa maandishi baada ya kusikilizwa. Sentensi moja, lakini inaweza kukuokolea mshahara wa miezi.

Wa tatu ni saa za kazi. Bandari kubwa hufanya kazi saa 24, na sikukuu ya wengine si lazima iwe ya meli. Uliza nani anapokea simu ya saa nane usiku, na anarudije nyumbani.

Sasa watoto, hasa huyo mwenye pumu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupima kitu kisicho sahihi. Huuliza "nyumba iko mbali gani na bandari?" Umbali wa gati una maana, lakini barabara ya malori ina maana zaidi. Moshi wa dizeli uliwekwa na Shirika la Utafiti wa Saratani la Kimataifa kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012, na kwa mtoto wa pumu masizi yake huchokoza mapafu siku hiyo hiyo. Huwa mazito kandokando ya barabara na hupungua sana ukishaingia ndani mita mia chache. Nyumba iliyo kilomita tatu kutoka gatini lakini inatazama barabara ya matrela ni mbaya kuliko iliyo kilomita moja kwenye mtaa ambao malori hayaingii. Mbaya kuliko zote ni iliyo karibu na foleni ya geti, ambako injini zinanguruma bila gari kusogea.

Meli zenyewe zimepunguza uchafu kiasi. Tangu Januari 1, 2020 kiwango cha juu cha salfa kwenye mafuta ya meli kimeshushwa duniani kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ila meli ikiwa gatini bado huwasha jenereta zake, isipokuwa pale bandari ina umeme wa nchi kavu wa kuichomeka. Ulizeni kama upo.

Kisha upepo. Pwani nyingi, mchana upepo hutoka baharini kwenda nchi kavu na usiku hugeuka. Maana yake moshi wa bandari huelekea mitaa ya ndani wakati wa mchana, saa ambazo mtoto hayuko nyumbani bali shuleni. Kwa hiyo chagueni shule kabla ya nyumba. Itafuteni ile iliyo ubavuni mwa bandari, ufukweni juu au chini, na si ile iliyo moja kwa moja nyuma yake kuelekea bara. Pepo za msimu zinaweza kuipindua picha hii, basi angalieni kumbukumbu za mwelekeo wa upepo za kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, miezi 12 yote, si siku mliyotembelea.

Ndani ya nyumba adui wa pumu ni unyevunyevu. Ukipita asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu hustawi nyuma ya makabati na wadudu wa vumbi huongezeka kwenye magodoro. Nunueni kipimo cha unyevu, ni kidude kidogo tu, kiwekeni chumba cha mtoto. Vyombo vikae angalau sentimita 5 kutoka ukutani, nguo zisikaushwe ndani, na chumba chake kiwe na madirisha pande mbili. Mnapokagua nyumba ya kupanga, fungueni kabati na kuinusa. Rangi mpya huficha doa, haifichi harufu. Na kabla ya kuhama mwombe daktari wake mpango wa maandishi wa dawa, ule unaosema wazi afanye nini akianza kubanwa, ili daktari mpya asianze kwa kubahatisha.

Kuhusu kiwanja karibu na bahari, dada, roho yako inasita kwa haki. Sio kwamba pwani haifai kujenga. Mita mia chache za mwanzo, kuanzia pale mawimbi yanapovunjika, ndizo zenye chumvi nyingi kuliko sehemu yoyote ya jiji, na kiasi hicho hushuka haraka unavyoingia ndani. Chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, hivyo chuma chenye vumbi la chumvi hubaki kimelowa usiku kucha hata pasipo mvua. Bawaba, misumari ya bati, nyaya za antena, sakafu ya gari, vyote vinaliwa. (Wanaopaka geti rangi kila mwaka si kwamba wanapenda rangi.)

Penye gharama kubwa zaidi ni zege. Nondo ikipata kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichoizaa, na zege linapasuka kutoka ndani. Kinga ni zege gumu lililoshindiliwa vizuri na tabaka la kufunika nondo la milimita 50 au zaidi upande wa nje. Lakini mafundi wengine huchanganya kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi, na hapo adui amejengwa ndani tangu siku ya kwanza. Hakuna rangi wala plasta itakayomtoa. Nyumba kama hiyo utaijua kwa kutazama juu, chini ya balkoni na ngazi: mistari ya nyufa iliyonyooka sambamba, madoa ya rangi ya kahawia, vipande vilivyobanduka. Gongeni kwa nyundo ndogo. Panapolia pakavu na patupu, pameachana. Iwe ni kununua au kupanga, ondokeni.

Kisima nacho kina hesabu yake. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kanuni ya jumla kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari imebebwa na takriban mita 40 chini yake. Ukivuta maji yakashuka mita 1, chumvi hupanda kukufuata kwa uwiano huo huo. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu mwaka wa kwanza hubadilika jirani watatu wakishafunga pampu. Pimeni mwisho wa kiangazi, si baada ya mvua. Kloridi, ambayo ndiyo kipimo cha chumvi kwenye maji, ikizidi miligramu 250 kwa lita watu wengi huanza kuionja. Nyumba yenye maji ya bomba ya uhakika ina thamani ambayo tangazo la kiwanja halitaji.

Kuhusu mafuriko, msiende kuangalia mtaa siku ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo, mkarudi mmetulia. Nendeni siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, saa maji yamejaa. Zile za karibu na Machi na Septemba kwa kawaida ndizo kubwa. Mvua ikinyesha wakati huo, mifereji inayomwaga baharini inakuta mdomo umezibwa na maji yaliyojaa, na mvua inarudi mitaani. Tazameni mstari wa doa ukutani na vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali. Jirani anaweza kuficha, kizingiti hakifichi. Kwa mwenye kununua ardhi kuna hesabu ndefu zaidi: IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, linasema usawa wa bahari duniani umepanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka hadi karibu milimita 3.7 kwa mwaka katika miaka ya 2006 hadi 2018. Kuna majiji ambako ardhi yenyewe pia inazama kwa kuvutwa maji ya chini. Jakarta ndiyo mfano unaotajwa zaidi.

Ulizeni pia yadi ya mizigo ya hatari iko wapi. Mlipuko wa Beirut wa Agosti 4, 2020 ulitokana na takriban tani 2,750 za amonia nitreti zilizokuwa zimehifadhiwa ghalani, na watu zaidi ya 200 walikufa. Tianjin, Agosti 12, 2015, walikufa 173. Matukio haya ni nadra, lakini kupanga nyumba ukutani mwa ghala la kemikali ni kamari ambayo hakuna anayewalazimisha kuicheza. Kelele zipimeni kwa kulala huko usiku mmoja wa siku ya kazi, meli zikiwa gatini, madirisha wazi: makontena yakigongana, kreni zikipiga ving'ora vya kutembea, jenereta zikivuma.

Basi ninavyoona mimi: nafasi uipokee, kiwanja mkiache, nyumba msiiuze. Nenda wewe kwanza kwa muda wa majaribio, na watoto wamalize mwaka wa shule na baba yao. Katikati ya muda huo shemeji aje kwa wiki mbili, azunguke yadi za makontena, aulize wanahitaji nini na mafunzo yanapatikana wapi. Akirudi na ahadi ya kazi, familia ihamie nyumba ya kupanga, kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye kifungu cha kuondoka kwa taarifa ya miezi miwili. Akirudi mikono mitupu, mtakuwa mmegharamika chumba kimoja tu. Nyumba yenu ipangisheni kwa mkataba wa maandishi na picha za kila chumba, kodi yake isaidie kulipa ya huko. Mambo ya ardhi mtayaongea mkishauona mwaka mzima, kiangazi chake na masika yake. Bandari zenyewe huhama: baada ya meli ya Ideal X kubeba makontena 58 kutoka Newark kwenda Houston mwaka 1956, makontena yalihitaji viwanja vipana, na miaka iliyofuata San Francisco ikawaachia jirani zake wa Oakland mizigo, huku magati ya ndani ya London yakifungwa moja baada ya jingine hadi 1981. Ulizeni kama kuna gati jipya linalopangwa ng'ambo ya jiji kabla hamjajifunga kwenye mtaa wowote.

Wiki hii mwandikie mwajiri, kwa maandishi na si kwa simu: zile namba mbili, mpaka wa saa za kazi, nauli ya kuhamisha vyombo, na kifungu cha tozo. Mpe siku saba, bado utabaki na muda wa kujibu. Kwenye saa na nauli unaweza kuachia kidogo. Akikataa kuandika kifungu cha tozo, usiende.